Maswali Yenu: Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles aliyeingia kwenye muvi

Toleo lililopita tuliweka kapicha kadogo tu ka Ringo Starr pembeni ya ukurasa wa muziki, chini yake tukaandika kwamba huyu mpiga dramu wa Beatles, ile bendi ya Liverpool, Uingereza, ana muvi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Barua zimekuja nyingi kweli. Kwa hiyo leo ukurasa mzima ni wake, na mimi nafurahi, maana ni mtu ninayempenda toka zamani.

Habari za kazi mhariri. Mwanangu ana miaka minne na kutwa nzima ni Thomas tu, yule treni wa bluu. Sasa shemeji kaja juzi anasema msimuliaji wa kwanza wa Thomas alikuwa mpiga dramu wa Beatles, nikamwambia acha uongo mbele ya mtoto. Nani kati yetu aombe radhi? – Mama wa mtoto wa Thomas, Tanga

Mama, umwombe shemeji radhi, yuko sahihi kabisa. Thomas alianzia kwenye vitabu vya mchungaji mmoja wa Uingereza, W. Awdry, vilivyoanza kutoka mwaka 1945, halafu mama mmoja anaitwa Britt Allcroft akahangaika miaka na miaka mpaka akapata haki ya kuvifanya vipindi vya televisheni. Vikaanza kurushwa na televisheni ya ITV ya Uingereza Oktoba 1984 na sauti iliyokuwa inasimulia ni ya Ringo. Alifanya misimu miwili ya mwanzo, wa 1984 na wa 1986, jumla vipindi 52, ndio akawaachia wengine.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini hiyo kazi haikuwa ndogo. Thomas wa siku hizi anaongea na mdomo unacheza kwa sababu ni kompyuta, ila wa kipindi kile alikuwa modeli kabisa, kitreni kinachopita kwenye reli ndogo zilizopangwa juu ya meza studio, moshi unatoka, miti imepandikizwa, na uso wake ni wa kubandika. Akitakiwa acheke wanabandua uso wa huzuni wanaweka wa kucheka. Kilichokuwa kinacheza ni macho peke yake. Mdomo haufunguki hata kidogo, kwa hiyo Thomas, Gordon, Henry, bosi wao mnene, wote wale wanaongea kupitia mtu mmoja aliyekaa na karatasi mbele ya maikrofoni. Aliyewahi kukaa kibanda umiza akasikiliza muvi ya Kichina inatafsiriwa anaelewa nasema nini, sauti moja ndio baba, ndio mama, ndio adui, na wewe uliyekaa kwenye benchi unawaona wote.

Tofauti ni kwamba Ringo hakuwa anabadilisha sauti sana. Anasoma kwa lafudhi yake ileile ya Liverpool, nzito kidogo, polepole, kama mjomba aliyetoka kazini anakusimulia kitu alichokiona njiani. Kuna kile kipindi cha Henry, injini wa kijani anayegoma kutoka kwenye handaki kwa sababu mvua itamharibia rangi. Wanambembeleza, wanavuta kwa kamba, wanasukuma, anagoma, mwisho wanang'oa reli na kumjengea ukuta mbele, matofali juu ya matofali mpaka anabaki kuchungulia wenzake wakipita. Ukikaa ukafikiria hiyo ni hadithi ya kutisha kwa mtoto. Ringo anaisoma bila kuongeza chumvi wala kulia, na mwishoni anawageukia watoto anawauliza kama wanaona Henry alistahili adhabu ile. Mtoto ananyamaza. Anafikiria kweli. Nimewaona watoto wa dada yangu wakinyamaza hivyo hivyo.

Mimi nina imani yangu, kwamba alijua kuongea na mtoto aliyetulia kitandani kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa huyo mtoto. Akiwa na miaka 6 kidole tumbo kilimpasukia ndani na karibu afe, akiwa na miaka 13 akapata TB akalazwa muda mrefu sana, shule ikampita, na hukohuko sanatoriamu ndipo alipoanza kupiga ngoma, kwenye kibendi cha wagonjwa watoto, akirudi kitandani anaendelea kugonga kabati la pembeni. Mtu wa namna hiyo haongei na watoto kwa kuwadharau.

Marekani nako walimchukua. Mwaka 1989 televisheni ya PBS ilianza kipindi cha stesheni ya treni kinaitwa Shining Time Station, Thomas akawa anaonyeshwa ndani yake, na Ringo safari hii anaonekana kwa sura, kondakta mdogo wa sentimita 45 hivi anayetokea na vumbi la dhahabu. Na hapo mjue kwamba mwaka 1988 tu yeye na mkewe walikuwa wameingia kwenye kituo cha kuacha pombe huko Arizona, jambo ambalo mwenyewe amelisema wazi mara nyingi. Kwa hiyo kile kikondakta unachokiona kinang'aa macho, ni mtu aliyetoka kuamua kuishi. Kwa kweli kikinipitia kwenye simu sikiruki.

Na kwa vile uko Tanga na mtoto anaongea Kiswahili: mwaka 2018 kwenye Thomas aliongezwa injini wa rangi ya chungwa kutoka Kenya, jina lake Nia. Mtafutie huyo, atafurahi.

Mhariri, swali langu ni la moja kwa moja. Huyu Ringo alikuwa muigizaji kweli ama ni jina la Beatles lilikuwa linamfungulia milango? – Msomaji, Nakuru

Milango ilifunguliwa na jina, hilo siwezi kukataa. Ila kuingia mlangoni ni kitu kimoja na kukaa ndani ni kingine.

Tuanze na muvi ya kwanza ya Beatles wenyewe, A Hard Day's Night, 1964. Mwongozaji Richard Lester, picha nyeusi na nyeupe, na ilizinduliwa London tarehe 6 Julai, kesho yake Ringo akatimiza miaka 24. Mwandishi wa skripti, Alun Owen, aliona hawa vijana wanne si waigizaji, kwa hiyo akawapa maneno mafupi mafupi wasichoke wala wasiharibu. Yani sentensi moja, mwenzake anadaka, inaenda. John Lennon ana maneno makali, Paul McCartney ana sura. Lakini katikati ya muvi kuna sini ambayo Ringo yuko peke yake na karibu haongei, na hiyo ndiyo watu wameishika miaka sitini sasa.

Iko hivi: babu yake Paul (wa kwenye muvi, anaigiza Wilfrid Brambell) kamjaza maneno Ringo kwamba wenzio wanakutumia, maisha yanakupita, toka nje ukayaone. Basi Ringo anachukua kamera anatoka. Anavaa likoti kuukuu ili watu wasimjue. Anatembea kando ya mto kichwa chini, mguu unapiga kijiwe, anaweka kamera ijipige yenyewe, kamera inatumbukia majini. Anatokea mtoto mtoro wa shule, wanatembea pamoja, mtoto anamweleza habari za rafiki zake watatu, na Ringo naye ana rafiki watatu, hakuna anayesema hivyo ila unaiona inapita usoni kwake. Chini yake kuna muziki wa ala tupu uliopangwa na George Martin, prodyuza wao. Basi, hicho tu. Dakika chache za mtu anatembea.

Baadaye alikuja kusema asubuhi ile alitoka klabu moja kwa moja hajalala, na alikuwa hoi, hawezi kukariri neno, ndio wakaamua atembee tu. Watu wanaitumia hiyo kusema aah kumbe hakuigiza, alikuwa na uchovu wa pombe. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Wangapi wanachoka na hawana kitu cha kuonyesha? Ile sura inabeba kitu, na kamera ilikuwa inakipokea. Alikuwa hashindani na mtu, hajaribu kuchekesha, anasubiri. Na ndivyo alivyokuwa anapiga dramu, sikiliza nyimbo za Beatles uone ni mara ngapi anaacha nafasi ambayo mpigaji mwingine angeijaza makelele, halafu anaingia pale panapohitajika. Hiyo kwenye muziki tunaisifu, kwenye muvi tunaiita bahati, kwa nini?

Ndiyo maana muvi ya pili, Help! ya 1965, hadithi nzima wakamjengea yeye, pete imekwama kidoleni na watu wa dini fulani ya kutunga wanataka kumtoa kafara, wakapiga picha Bahamas mpaka kwenye theluji ya Austria. Ina rangi nzuri na vituko, lakini mimi naona inamkimbiza mno, hakuna mahali anapopumua.

Baada ya hapo akawa anachukuliwa na watu wakubwa. Candy ya 1968 alimo Marlon Brando na Richard Burton, yeye kapewa mtunza bustani wa Kimeksiko, na hiyo sipendi kuirudia, walimvalisha tu. The Magic Christian ya 1969 ni afadhali, yuko na Peter Sellers, tajiri anayewapima watu watafanya nini kwa ajili ya hela, Ringo ni mtoto wa kuokotwa bustanini. Sellers anaongea yeye anatazama, ukimwangalia Ringo badala ya Sellers utaona muvi nyingine. 200 Motels ya Frank Zappa, 1971, kavalishwa afanane na Zappa mwenyewe, Lisztomania ya Ken Russell, 1975, kawa Papa wa Roma. Naona unaanza kuona tatizo. Kila mwenye wazo la ajabu alikuwa anamwita Ringo, na yeye mtu wa watu, haringi, anaenda. Walipomvisha manguo alipotea, walipomwacha na koti lake alionekana.

Mimi ni kijana napiga dramu kanisani Dodoma, Beatles nawajua kwa nyimbo tu. Nikitaka kumuona Ringo akiigiza vizuri niangalie muvi gani moja?

Kijana wangu, usihangaike, tafuta That'll Be the Day ya 1973. Stelingi ni David Essex, anaigiza kijana wa mwisho wa miaka ya hamsini anayeacha shule na kwenda kufanya kazi kambi ya likizo kisha kwenye mabembea ya maonyesho, na Ringo ni Mike, mkubwa wake kidogo, mjanja, anayemfundisha namna ya kuongea na wasichana na namna ya kupunja chenji. Nywele kazichana nyuma, suti ya kiteddy boy (vijana watukutu wa Uingereza wa enzi hizo waliojulikana kwa mavazi yao), tabasamu la mtu aliyezoea kuonewa akajifunza kuwahi.

Na hapo hakuwa anaigiza kitu cha kusikia. Kabla ya Beatles alikuwa anapiga na bendi ya Rory Storm kwenye kambi za likizo za Butlin's, watu wanakula wanacheza wao wako stejini wiki nzima, na Liverpool mtaani kwao ujana wake ulikuwa wa hao hao teddy boy. Nguo zile alizivaa akiwa na miaka 16, akazivaa tena kwenye muvi akiwa na 32.

Iangalie ile sehemu anapopigwa. Anadakwa na genge, anachakazwa vibaya, na yule kijana wa Essex, ambaye Mike ndiye aliyemfundisha kila kitu, anaona na anapita zake. Ringo hana maneno pale. Utajua mwenyewe kama ni muigizaji au si muigizaji. Ilipofika muvi ya pili ya hadithi hiyohiyo, Stardust, 1974, kijana anakuwa staa wa bendi na umaarufu unamharibu, Ringo hakuingia, ilikuwa inafanana mno na alichokiishi, nafasi yake ikachukuliwa na Adam Faith. Namwelewa sana.

Na kwa vile unapiga dramu: ndani ya hiyo muvi ya kwanza yumo pia Keith Moon, mpiga dramu wa bendi ya The Who, kwenye kibendi, mwangalie na yeye.

Marehemu baba alikuwa anatusimulia makauboi ya Ringo aliyoyaona sinema zamani. Ndiye huyuhuyu? – Msomaji, Mwanza

Hapana dada, pole kwa baba. Ringo wa baba ni wa muvi za Kiitaliano, ile ya kwanza ilitoka 1965 na stelingi wake alikuwa Giuliano Gemma, ikapendwa mpaka wakawa wanatoa muvi zenye jina la Ringo mfululizo. Wa kwetu amezaliwa Richard Starkey, nyumbani wanamwita Ritchie, hilo la Ringo alilipata akiwa kwa Rory Storm kwa sababu alikuwa anavaa pete nyingi na jina lenyewe linalia kikauboi, naye anapenda makauboi toka utoto.

Lakini usikate tamaa maana alikuja kuigiza kauboi kweli. Blindman, 1971, Waitaliano haohao, mwongozaji Ferdinando Baldi, wamepigia Hispania kwenye vumbi la Almería, kuhusu kipofu mwenye bunduki anayetafuta wanawake hamsini walioibiwa. Ringo ni upande wa maadui, ndugu wa jambazi mkubwa. Ana ndevu, ana hasira, ana mapenzi ya kulazimisha. Muvi ni katili na kwa wanawake haina adabu, usiiangalie na watoto. Ila yeye ndani yake si mbaya. Mapenzi yake ya kauboi hayajaisha, Januari 2025 katoa albamu nzima ya kantri.

Assalaam aleikum. Nimesikia mke wake walikutana kwenye muvi ambayo hakuna lugha. Ni kweli au ni hadithi tu za mtandaoni? – Msomaji wa kike, Mombasa

Waaleikum salaam dadangu. Ni kweli, na lugha ipo ila imetungwa. Muvi inaitwa Caveman, watu wa mapangoni, waliipiga Meksiko mwaka 1980, mwongozaji ni Carl Gottlieb. Maneno yote ya lugha yao ni kama kumi na tano tu, muvi nzima. Na sikia hii, moja ya maneno hayo ni "haraka", na kwao maana yake moto! Mara ya kwanza kuliskia nilirudisha nyuma nikahakikisha. Kwa hiyo wewe wa Mombasa ukimsikia mtu wa pangoni anapiga kelele haraka, haraka, anaungua huyo.

Ringo ni Atouk, mnyonge anayefukuzwa na kundi, anamtamani Lana, mwanamke wa jitu kubwa, na Lana ndiye Barbara Bach, yule dada aliyekuwa kwenye James Bond ya 1977. Kwenye hadithi Atouk anahangaika muvi nzima kwa ajili ya Lana, halafu mwisho anamwacha, anaenda na Tala aliyekuwa mwema kwake. Nje ya kamera ikawa kinyume. Mei 1980 walipata ajali mbaya ya gari London wakatoka hai wote wawili, wakaamua hawaachani tena. Desemba ileile John Lennon akauawa, wakapanda ndege pamoja mpaka New York kwa Yoko, mke wa John. Aprili 1981, mwezi uleule muvi inatoka Marekani, wakafunga ndoa London. Mpaka leo wako pamoja, zaidi ya miaka arobaini.

Muvi yenyewe wakosoaji waliipiga sana. Mimi nina sehemu moja naipenda: wamekaa kuzunguka moto, mmoja anagonga mfupa, mwingine anapiga kitu kingine, taratibu inaanza kuwa mdundo, kumbe wanagundua muziki. Na Atouk anagonga. Mikono ile ukiijua huwezi kukosea ni ya nani.

Na Phil Collins je? Si naye alikuwa mpiga dramu akaigiza? – Msomaji, Arusha

Ndiyo, tena alianza kwa Ringo. Akiwa na miaka 13 alikuwa miongoni mwa watoto waliolipwa kukaa kwenye hadhira ya konseti ya A Hard Day's Night, ingawa kipande chake walikikata. Baadaye 1988 akawa stelingi wa Buster, mwizi wa ile treni ya Uingereza iliyoporwa 1963. Yeye anastahili ukurasa wake, tukijaliwa.

Niko Muscat, ni shabiki wa muda mrefu. Je, Ringo bado anafanya televisheni? Na nikimwandikia barua atajibu?

Ndugu yangu, Julai 2025 katimiza miaka 85 na bado anazunguka na bendi yake. Muvi za kuigiza kaziacha pembeni, anaingia mara mojamoja kwa sauti, kama 2014 kwenye kipindi maalum cha katuni za Powerpuff Girls. Ukitaka kumuona kijana, kuna Get Back ya Peter Jackson ya 2021, karibu masaa manane ya studio mwaka 1969, wenzake wanabishana yeye kakaa kwenye dramu anasubiri, anafika wa kwanza asubuhi, anawatazama. Ni ile sura ya kando ya mto kabisa. Na Aprili 2028 zimetangazwa muvi nne za Sam Mendes, kila mwana Beatles na yake, ya Ringo anaigiza Barry Keoghan.

Kuhusu barua. Mwaka 1991 alijiigiza sauti kwenye katuni za The Simpsons, akawa wa kwanza kati ya Beatles kufanya hivyo. Kwenye hadithi hiyo Marge, mama wa familia ya katuni, alipokuwa binti alimchora Ringo akamtumia picha, miaka ikapita hakuna jibu. Kumbe Ringo yuko kwenye jumba lake Uingereza anajibu barua za mashabiki moja baada ya nyingine, kwa mkono, ziko za miaka ya sitini, na anasema lazima azimalize zote hata ichukue miaka mingapi. Anafika kwenye ya Marge, anaipenda picha, anaitundika ukutani. Jibu linamfikia mama mtu mzima mwenye watoto watatu, akiwa kakata tamaa ya kuchora, anainuka anashika brashi.

Kwenye maisha ya kweli, Oktoba 2008 Ringo alitoa video fupi akasema kwa upole lakini kwa msisitizo kwamba kuanzia tarehe 20 ya mwezi ule hatasaini tena kitu chochote kitakachotumwa kwa posta, ana mambo mengi, amani na upendo. Wengine walikasirika. Alikuwa na miaka 68, kasaini makaratasi toka akiwa na 22. Kwa hiyo usitume barua. Tarehe 7 Julai kila mwaka, saa sita mchana ya hapo ulipo, huwa anaomba watu waseme tu "amani na upendo" popote walipo, hiyo ndiyo zawadi anayotaka ya birthdei. Hapo Muscat itakuwa joto kali saa hizo, simama kivulini useme.